Kitara Kisichopimwa

Mtaa mzima wa Los Hoyos, mjini Santiago, ulimwita Barafu. Jina hilo lilimkera Idalmis Bicet tangu siku ya kwanza, lakini angemwambia nani? Watu walimpenda nalo. Akishavaa barakoa ya wavu na kushika kitara, ule upanga mwembamba wa mchezo usio na makali, alisimama kwenye ukanda wa mashindano bila kutikisika, mkono wake mrefu umenyooka, mpaka mpinzani mwenyewe aishiwe na subira na kumwendea. Hapo ndipo alipomchoma. Taa ya pointi inawaka, makofi yanalia, na wazee wa mtaani wanaambiana kwamba yule binti hana damu mwilini, ana barafu.

Barafu gani, jamani? Kabla ya kila pambano bingwa wao alikuwa chooni, ameinama, anatapika kahawa ya asubuhi. Aliyejua ni mama yake tu, Hortensia, kwa kuwa ndiye aliyefua zile nguo nyeupe na kuona zilivyolowa jasho kabla hata mchezo haujaanza.

"Mwanangu, hebu niambie, huu mchezo una raha gani?"

"Una raha ukiisha, mama."

"Sasa si uache?"

"Nikiacha tutakula nini?"

Ilikuwa miaka ile mibaya, miaka ya umeme kukatika mchana kutwa, watu wa Santiago walipokaanga maganda ya balungi na kuyaita nyama. Bingwa wa taifa alipewa wali, maharage na sabuni, na vyote vilifika jikoni kwa Hortensia. Kwa hiyo Idalmis alitapika, akasukutua, akatoka nje kushinda.

Na usimcheke kabla hujasikia alichokiona. Alipokuwa bado msichana mdogo, amechaguliwa juzi tu kujiunga na ukumbi wa mazoezi wa mtaa kwa sababu ya ile mikono yake, kulikuwa na kijana mmoja pale anaitwa Rogelio, mzuri, mwenye mbwembwe. Siku moja kitara cha mwenzake kilimgusa kifuani, kikapinda kama kawaida, na badala ya kurudi kikakatika. Mwenzake alikuwa ameshajitupa mbele, hakuweza kujizuia. Kipande kilichobaki mkononi, chenye meno kama kopo lililofunguliwa vibaya, kiliingia kwapani kwa Rogelio na kutokea nyuma ya bega. Rogelio hakufa. Ila ule mkono haukufunga ngumi tena, na mpaka leo kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto. Idalmis alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia sauti ya chuma kikikatika, na sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ndiyo iliyomtisha zaidi.

Tangu siku hiyo mwalimu wao, mzee Evaristo Rizo, alianza kazi ya kupima. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya jiwe mlangoni mwa ukumbi, akachukua vitara kimoja kimoja, akavigonga kwenye jiwe na kutega sikio. Chuma kizima kinalia, sauti inakaa hewani kidogo. Chuma chenye ufa hata kama hauonekani kinajibu mara moja na kukaa kimya, kama sufuria iliyopasuka. Hicho alikivunja mwenyewe kwa goti, papo hapo, hata kama ndicho cha mwisho.

"Chuma ni kama mtu," alikuwa akisema. "Kikichoka kinakwambia. Wewe tu ndiye usiyetaka kusikia."

Lakini kulikuwa na kitara kimoja ambacho hata Evaristo hakukigusa. Desturi ya ukumbi ule ilikuwa ya zamani kuliko yeye: anayetwaa ubingwa wa taifa hampi mdogo wake wa ukumbini pesa wala ua, anampa kitara kilichompa ushindi. Anakitoa mbele ya watu, wanakunywa prú, ile soda ya mizizi, ngoma inapigwa. Na kitara cha baraka hakipimwi. Kukigonga jiweni ni kumtukana aliyekupa, ni kumwambia humwamini. Watoto wa pale walijua hivyo kabla hawajajua kufunga viatu vyao vya mazoezi.

Mwaka Idalmis alipotwaa ubingwa kwa mara ya pili, mdogo aliyestahili kupewa alikuwa Mailén, binti wa mama yake mdogo. Ndugu yake wa damu. Mailén alikuwa na kelele, mkaidi, hana woga hata chembe. Anamwingia mpinzani utadhani anapasua njia sokoni. Siku ya sherehe, watu wameshajaa ukumbini, Idalmis alibaki nyumbani kwanza kukifuta kile kitara kwa kitambaa. Alipomaliza, mkono wenyewe, kwa mazoea tu, ukakigonga kwenye kizingiti cha jikoni.

Kilijibu mara moja na kunyamaza.

Akakigonga tena. Vilevile. Akakipeleka mwangani, akakitazama kuanzia kwenye kikombe cha kukinga mkono mpaka nchani, hakuona kitu. Alikuwa na kitara kingine, lakini kila mtu alijua si chenyewe, kwa maana kile cha ushindi mpini wake ulizungushiwa utepe mwekundu na picha yake ilitoka gazetini. Akiingia ukumbini mikono mitupu, mtaa utasema Barafu ni mchoyo, tena kwa ndugu yake. Na kupata chuma kipya miaka ile ilikuwa ndoto. Vilikuwa vikija na wageni kutoka nje, na wageni walikuwa wameacha kuja.

"Idalmis, watu wanakusubiri," Hortensia aliita. "Ama unataka waimalize prú?"

"Nakuja, mama."

Akaenda, akakitoa. Mailén alikipokea kwa mikono miwili, akalia, yeye ambaye halii. Watu wakapiga makofi. Idalmis akajiambia, nitamwambia kesho, tukiwa wawili.

Kesho ikafika, Mailén akaja mbio kumwambia amelala nacho kitandani usiku kucha. Utasema nini hapo? Keshokutwa yake kulikuwa na watu. Wiki ikapita, na sasa jambo likawa baya zaidi, maana ataulizwa, mbona hukusema wiki nzima? Woga ni kama deni la dukani, ukilipuuza linakua lenyewe. Mwezi ulipokwisha Idalmis alishajua kwamba hatasema.

Ila alifanya jambo moja. Hakusimama tena mbele ya Mailén kwenye mazoezi.

"Leo tupigane, dada," Mailén alimwambia.

"Goti linaniuma."

"Goti lako hili linaniuma mimi sasa. Kila nikikuita linaumwa, akikuita Mwalimu linapona."

"Nenda kafanye na Yusleidis."

Yusleidis alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, shingo ndefu, barakoa inamcheza kichwani. Mailén alifanya naye mazoezi kila Jumamosi. Idalmis alikaa kwenye benchi na goti lake, akaiangalia ile ncha ikienda kwenye kifua cha mtoto, ikipinda, ikirudi. Ikienda kooni, ikipinda, ikirudi. Kila ilipopinda alishika pumzi. Jumamosi zikawa siku za kutapika, hata bila mashindano.

Mwaka ukazunguka hivyo. Kitara hakikukatika, na Idalmis akaanza kujidanganya kwamba labda alisikia vibaya. Labda ni kizingiti. Labda ni masikio.

Mashindano ya taifa mwaka ule yalifanyika Camagüey. Mshindi wa epee, mchezo wao huu wa kitara, kwa wanawake angepanda ndege kwenda kushindana Budapest, mtu mmoja tu, hakuna wa pili. Na Mungu naye ana mambo yake: akawakutanisha fainali hao wawili wa Los Hoyos. Evaristo alifurahi mpaka akakataa kukaa upande wa yeyote. Mailén aliruka. Idalmis akaenda chooni, na safari hii hakukuwa na kitu tumboni cha kutoka, lakini mwili uliendelea kujaribu.

Alipotoka na kusimama kwenye ukanda, akakiona. Utepe mwekundu. Wakasalimiana kwa vitara, kama inavyotakiwa, wakavaa barakoa, refa akaruhusu.

Watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona bingwa akicheza vile. Alirudi nyuma. Kila Mailén alipopiga hatua moja yeye alirudi mbili, mpaka miguu yote miwili ikatoka nyuma ya ukanda na refa akampa Mailén pointi. Akarudishwa, akarudi nyuma tena. Alikuwa haoni mtu mbele yake, anaona chuma tu, na nyuma ya chuma anaona kwapa la Rogelio. Wavu wa barakoa ulionekana kwake mwepesi kama chandarua. Kooni, chini ya kidevu, kuna kitambaa tu. Kitambaa.

"Barafu inayeyuka!" mmoja akapiga kelele kutoka juu, na ukumbi ukacheka.

Kicheko kilimchoma, akasimama. Mailén akaja kwa nguvu zote, akampiga katikati ya kifua. Chuma kikapinda upinde mkubwa, na pale kilipokuwa kimepinda Idalmis akasikia mlio mdogo, kama mtu kakanyaga kijiti kikavu chumba cha pili. Kikarudi. Taa ya Mailén ikawaka.

Idalmis akainua mkono.

"Kile kitara ni kibovu," alisema. "Kibadilishwe."

Refa alikichukua, akakitazama, akakikunja kwenye sakafu. Kikapinda, kikanyooka. "Hiki ni kizima," akasema.

"Nimekisikia."

"Mimi nimekiona. Rudi mahali pako."

Mailén alivua barakoa. Alikuwa amepauka kwa hasira. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa," akasema polepole. "Leo unakipima mbele za watu?"

Ilikuwa nafasi ya Idalmis. Neno moja lingetosha: nilijua. Evaristo alikuwa amesimama pale, Hortensia yuko jukwaani, na Yusleidis amekaa chini mbele na vile vimiguu vyake. Idalmis akafungua mdomo. Likatoka neno jingine.

"Mimi sisimami mbele ya chuma kile."

Refa akamwonya. Akamwonya tena. Idalmis akavua barakoa, akachomoa waya wa kitara chake uliounganishwa na taa, akashuka kwenye ukanda na kuondoka, na ubingwa ukaenda kwa Mailén kwa kuwa mpinzani amekimbia.

Ukitaka kujua ukali wa Santiago, ngoja Julai, wakati wa sherehe za mtaani. Ngoma za Los Hoyos zilipopita mbele ya nyumba ya Hortensia, watu walipunguza mwendo makusudi na kuimba, Barafu, Barafu, binamu ni jua. Waliimba hadi watoto wakajua. Hortensia alifunga madirisha na kumwambia bintiye, "Waache. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimebaki na mwanangu." Alidhani anamfariji.

Mailén alienda Budapest, akapewa vyuma vipya huko, na kile cha utepe mwekundu akakitundika ukutani sebuleni kwa mama yake. Hakukishika tena. Akakaa miaka mingi mbali, Havana, akicheza, kisha akifundisha, kisha akizaa. Huku nyuma Evaristo alifariki, na ukumbi ukabaki bila mtu. Nani mwingine angeuchukua? Waliocheka walikuja wenyewe kumbembeleza Idalmis.

Alifundisha vizuri, hilo hata maadui zake watakwambia. Asubuhi alikaa kwenye ngazi ileile ya jiwe akigonga. Neno lake la kwanza alipochukua ukumbi lilikuwa kufuta desturi: kitara cha baraka kitapimwa kama vingine. Wazee walinung'unika. Alipoulizwa sababu alisema ni kanuni mpya, na hakuna aliyeuliza kanuni ya nani.

Lakini Jumapili alikwenda kula kwa mama yake mdogo, na kile kitara kilikuwa pale ukutani. Alichagua kiti kinachokipa mgongo. Akila congrí, ule wali wa maharage, alikihisi kwenye kisogo. Wakati mwingine, mwenyeji akiwa jikoni, alifikiria kukishusha na kukikunja mara moja tu, ajue. Akaogopa. Kikikatika, basi yeye ni mtu aliyempa ndugu yake silaha ya kuua. Kisipokatika, basi mtaa ulisema kweli, alimkimbia binamu yake. Alibaki na kijiko mkononi na kisogo kinamwasha. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka jana Mailén alirudi kumuuguza mama yake. Siku ya tatu alikuja ukumbini asubuhi, wanafunzi hawajafika, na mkononi kamshika binti yake, Anaisa, mikono mirefu ile ile ya ukoo. Mkono wa pili ameshika kitara cha utepe mwekundu. Idalmis alikuwa ngazini, anapima. Akasimama.

"Umekileta," akasema.

"Mama anataka kupaka ukuta rangi." Mailén alimsogeza mtoto pembeni. "Msalimie mama mkubwa. Huyu anataka kuja kucheza kwako. Kwanza lakini mimi na wewe tumalize hiki."

"Mailén, acha."

"Hiki kitu kimekaa ukutani miaka yote nikiwaambia watu Barafu alinikimbia. Juzi nimekishusha, nikakigonga kama Mwalimu. Sikuipenda sauti yake."

Wakaingia ndani, na Mailén akaweka ncha ukutani na kusukuma. Kikapinda, kikanyooka. Idalmis alihisi uso wote unawaka. Mailén akasukuma tena, kwa uzito wa mwili. Kikakatika katikati. Sauti haikuwa kubwa. Kipande kilianguka na kubingirika hadi kwenye viatu vya mtoto.

Mailén alitazama kilichobaki mkononi, yale meno. Akacheka kidogo.

"Kwa hiyo hukuniogopa mimi."

"Sikukuogopa wewe," Idalmis akasema, na machozi yakamtoka, ya raha, kwa sababu alikuwa ameyangoja miaka mingi maneno hayo.

"Sifa yangu yote imeisha asubuhi moja." Kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa anafikiri, na Idalmis alimwona akifikiri. "Dada. Goti lako lile. Lilianza kuuma lini?"

Idalmis akaligeukia benchi la zamani.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema ni siku ile Camagüey. Nani angebisha? Evaristo yuko kaburini. Alimtazama yule mtoto, aliyekuwa ameinama kukiokota kile kipande.

"Kiache, mama, kitakukata," akamwambia. Kisha akamwambia Mailén, "Kabla sijakupa."

Mailén hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nilikuwa nampiga Yusleidis kooni kwa chuma hiki. Kila Jumamosi. Wewe umekaa pale, kwenye benchi lile. Mwaka mzima kimeelekezwa kwa watoto wa watu, umenyamaza. Kilipoelekezwa kwako siku moja, ukasema."

"Niliogopa."

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu, hata mama yake. Lilitoka dogo tu.

"Najua uliogopa," Mailén akasema. "Hata Yusleidis angeogopa, kama angeambiwa."

Akamshika mtoto mkono, wakaelekea mlangoni. Pale ngazini akasimama, akaviangalia vile vitara vilivyoegemezwa ukutani.

"Hivi umevipima?"

"Vyote."

"Vipime tena. Nikiwepo."

Idalmis akakaa kwenye jiwe. Akachukua cha kwanza, akakigonga, wakasikiliza wote watatu. Akachukua kinachofuata. Wanafunzi walianza kufika, wakasimama nyuma kimya, wakishangaa mwalimu wao ana nini. Akafika kwenye kitara kipya, kizuri kuliko vyote, zawadi ya mwanafunzi wake aliyeko Italia. Akakigonga. Akakigonga tena, akatega sikio, akakiweka gotini na kukivunja.

"Mbona kilikuwa kinalia vizuri?" Anaisa akauliza.

"Labda kilikuwa kizima," Idalmis akasema, mbele ya wanafunzi wote. "Mimi naogopa."

Mailén akauachia mkono wa mtoto, akamsogeza kwenye kundi la wanafunzi.